Mama mzazi hataki mtoto achanjwe, na mimi ndiye ninayehamasisha mtaa mzima

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, naishi Mwanza. Nimeolewa na mwanaume ambaye tayari alikuwa na mtoto mmoja wa kike kwa mke wake wa kwanza. Waliachana mtoto akiwa darasa la kwanza. Mama yake akahamia Kahama, anauza mchele huko, na mtoto akabaki kwa baba yake kwa sababu ya shule. Sasa ana miaka 13, yuko darasa la saba. Ananiita mama mdogo. Likizo anakwenda Kahama, shule zikifunguliwa anarudi. Mimi na mama yake hatujawahi kugombana. Tunapigiana simu kuhusu sare, madaftari, na tangu mwaka juzi hata mambo ya hedhi ya mtoto.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Napita nyumba kwa nyumba, naangalia kadi za kliniki, namkumbusha mama ambaye mtoto wake hajapata surua ya pili, nawapa rufaa wajawazito. Mtaani wananifahamu kama "mama chanjo".

Shuleni kwa mtoto ikaja taarifa kwamba wauguzi watafika kuchanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Nikampigia mama yake kumpa taarifa, kama ninavyofanya kwa kila jambo. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu asiguswe." Usiku ule akanitumia klipu ya sauti, mwanaume anaeleza kwamba sindano hiyo inafunga kizazi, kwamba ndiyo maana wavulana hawachomwi, na kwamba ingekuwa na faida isingetolewa bure wakati panadoli tunanunua. Akaongeza swali lake mwenyewe: mbona mwanzo walisema dozi mbili na sasa wanasema moja, si wanabahatisha? Nilimtumia majibu, karatasi za wizara, video ya daktari, vyote usiku uleule. Hakujibu. Asubuhi akanipigia dada yake: "Wewe usiyezaa, unataka na mtoto wa mwenzio asizae?"

Shangazi, nina miaka mitano kwenye ndoa na mimba zangu mbili zimetoka. Nilikata simu.

Mume wangu ni dereva wa lori, anapakia Isaka anapeleka Kigali. Nilipomweleza alisema, "Hayo ni ya wanawake, malizaneni." Siku ya chanjo nikambakiza mtoto nyumbani. Wiki hiyohiyo kwenye kikoba mama mmoja ambaye mimi mwenyewe nilimshawishi akaniuliza mbele ya wenzake, "Na wa kwako alichanjwa?" Nikasema siku ile aliumwa. Wakaangaliana.

Kinachoniuma zaidi ni mama mmoja wa mtaa wetu niliyemsindikiza hospitali mwaka jana. Alikuwa na miaka 41. Kituoni alikaa mwisho kabisa wa benchi, kanga ameikunja mara nne na kuikalia, marashi amejimwagia mpaka yanakaba, na bado watu walisogea. Alikuwa anatoka damu kwa muda mrefu akidhani ni hedhi inakaribia kukatika. Walipompima, saratani ilikuwa imeshatambaa. Ameacha watoto wanne. Nikimtazama huyu mtoto namuona yule mama.

Muuguzi wa zahanati yetu ameniambia nimpeleke Jumamosi, ni dakika mbili tu, nani atajua? Mtoto mwenyewe anasema yuko tayari na hatasema. Nikimchanja kwa siri naogopa. Nikiacha naogopa zaidi. Nifanyeje?

Mama Mdogo, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwanza kwa hizo mimba mbili. Uliziandika kwenye mstari mmoja ukapita haraka kama mtu anayekanyaga kaa la moto, lakini mimi nimesimama hapo, na nitakurudisha hapo baadaye.

Kama nimekuelewa, uko katikati ya mambo matatu. Kuna mtoto unayetaka kumkinga, na ugonjwa umeuona kwa macho yako. Kuna mama yake aliyesema hapana. Na kuna mtaa unaokutazama, kwa sababu neno lako linapimwa kwa kilichofanyika nyumbani kwako. Umeyafunga yote kwenye swali moja la Jumamosi: nimpeleke au nisimpeleke. Naomba tuyafungue, maana kila moja lina dawa yake.

Nianze na mama mzazi. Kwenye barua yako anatokea kama mtu aliyepotoshwa na klipu. Lakini kadi ya kliniki ya mtoto unayo wewe. Ifungue uiangalie. BCG ya siku za mwanzo, polio, penta, surua. Nani alimbeba mgongoni akapanga foleni tangu asubuhi? Mtazame mtoto begani, kama kovu la BCG lipo, alikuwepo nani alipolia? Huyo unayemwona mpinga chanjo alimchanja mtoto huyu mara nyingi kabla wewe hujamjua. Hakuogopa sindano wakati ule, na zote zilikuwa za bure. Basi kuna kitu kimebadilika kwa hii, na nadhani ni vitu viwili. Hii inagusa kizazi. Na safari hii taarifa imetoka kwa mwanamke anayelala kwenye kitanda alichowahi kulala yeye.

Sijasema una kosa. Ila usiku ule ulipomtumia karatasi na video mfululizo, yeye alisikia nini? Huenda alisikia mtu aliyesoma anamfundisha kumlea mwanawe. Maswali yake yalikuwa na akili, na yanastahili kujibiwa moja moja, kwa sauti, bila kiungo cha kubofya.

Kwa nini wasichana tu? Kwa sababu saratani hii ni ya mlango wa kizazi, ambao mwanaume hana, na mahali ambapo fedha na dozi vina mpaka wanaanza na anayekufa zaidi. Kirusi chenyewe, HPV, hakichagui. Australia walianza na wasichana mwaka 2007 na wavulana wakaingia 2013. Uingereza nayo inachanja wavulana shuleni tangu 2019. Kwa hiyo lile la "kwa nini wavulana hawachomwi" lina jibu: wanachomwa, kwenye nchi zilizoweza kumudu.

Kwa nini mbili zikawa moja? Hapo una jibu la nyumbani kabisa. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wa umri huuhuu wa miaka 9 hadi 14, walifuatiliwa, wengine wakipata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kwa ridhaa ya wazazi wao. Kinga ya waliopata moja ilidumu vizuri. Wenzetu wa Kenya nao waliwafuatilia wanawake vijana na kuona dozi moja inakinga. Utafiti wa aina hii ndio uliolifanya Shirika la Afya Duniani likubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania, iliyoanza chanjo hii 2018 kwa dozi mbili, ikahamia moja mwaka 2024. Ila chunga ulimi unapolisema hili. Neno "utafiti" masikioni mwa mtu mwenye hofu linageuka kuwa "majaribio" kabla hujamaliza sentensi. Anza kwa kumwambia kwamba chanjo hii ilikuwa inatumika duniani tangu 2006, kwamba kilichotafutwa Mwanza ni idadi ya dozi tu.

Na la kizazi, ambalo ndilo lenyewe. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuchanja wasichana wake nchi nzima, mwaka 2011. Wale wa mwanzo leo ni wanawake wa miaka ishirini na kitu. Mumeo anashusha mizigo Kigali. Aulize huko kama wasichana waliosoma miaka ile hawazai. Hadi leo, baada ya mamilioni ya dozi na miaka karibu ishirini ya ufuatiliaji, haijaonekana kwamba chanjo hii inaharibu uzazi. Kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe, maana tiba yake mara nyingi ni kuondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi. Na Uskoti, walipopekua kumbukumbu zao mwaka 2024, hawakukuta hata mwanamke mmoja mwenye saratani hii miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13.

Kama kuna swali ambalo hajalisema ila lipo, ni hili: mbona mwanangu mdogo, mnadhani anafanya mambo? Ukilisikia, lijibu bila aibu. Chanjo inafanya kazi vizuri kabla mtu hajakutana na kirusi, ndiyo maana inatolewa mapema. Na kirusi hiki ni cha kawaida mno, mke aliyetulia kwa mume mmoja anakipata. Hakimtaji mtu kuwa malaya.

Usimwahidi, hata hivyo, kwamba hakuna kitakachotokea. Mkono unauma siku moja mbili, kichwa kinaweza kuuma, homa kidogo, na wasichana wa umri huu huzirai kwa woga wa sindano, ndiyo maana huwekwa wakae kama dakika 15. Mzio mkali upo, ni nadra sana, na wauguzi wanajua cha kufanya. Ukimweleza hayo mapema, siku mkono ukimuuma hatasema ulimficha.

Nikuongezee jambo la kukupunguzia hasira. Japani ni nchi ya wasomi, na mwaka 2013 serikali yake iliacha kuhimiza chanjo hii baada ya habari za wasichana waliopata maumivu. Uchanjaji uliporomoka ukakaribia sifuri. Uchunguzi haukuona kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, lakini ilichukua hadi 2022 kurudi kuihimiza. Kama wao hofu iliwashika karibu miaka tisa, muuza mchele wa Kahama aliyesikiliza klipu peke yake usiku ana haki ya kuogopa kwa wiki chache.

Sasa hilo la Jumamosi. Najua linavyovuta. Mtoto atapata kinga, na Tanzania kwa makadirio ya mwaka 2020 zaidi ya wanawake 10,000 walipata saratani hii ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo hofu yako si ya kujitungia. Lakini tazama unachombebesha. Mtoto wa miaka 13 atakwenda likizo kwa mama yake na siri mdomoni. Akichelewa hedhi mwezi mmoja, akiumwa tumbo, akiolewa akakaa mwaka bila mimba, na siri ikavuja, kila kitu kitaandikwa jina lako. Na mtaani je? Uvumi unasema hizi sindano wanachomwa watoto bila wazazi kujua. Ukifanya hivyo wewe, "mama chanjo" mwenyewe, umeupa uvumi mguu wa kusimamia. Muuguzi rafiki yako naye anajiweka pabaya. Anasema nani atajua, lakini dozi huandikwa, na isipoandikwa ni tatizo jingine.

Kungoja nako kuna bei. Umri unaolengwa unaishia miaka 14, na mtoto wako anaukaribia. Hata hivyo sidhani kwamba siku ya shule ikipita ndiyo basi. Kazi hii unaijua kuliko mimi: muulize mratibu wa chanjo wa kituo jinsi wanavyowapokea wasichana waliokosa siku ya shule, ujue kwa uhakika una miezi mingapi. Hofu isiyo na tarehe inakusukuma kufanya mambo Jumamosi.

Halafu kuna mtu ambaye nimemtafuta barua nzima nikamkuta kwenye sentensi moja. Baba yake! Mtoto ni wake, anaishi kwake, na aliyekataa ni mama wa mtoto wake. Iweje yawe "ya wanawake"? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeitaja chanjo kabisa ndani ya matibabu, kwenye fungu moja na chakula, malazi, mavazi na elimu, kuwa ni wajibu wa mzazi. Haijasema mzazi wa kike. Na huyu bwana anapakia Isaka! Isaka na Kahama ni jirani. Anaweza kusimama nusu saa, akanunua mchele, akakaa kwenye gunia akazungumza na mwenzie. Neno lilelile likitoka kwake halitakuwa na harufu ya mama wa kambo. Anaweza pia kuamua kama baba, kwa uwazi, akamjulisha mama kabla na si baada. Hilo nalo lina hatari. Mama anaweza kumchukua mtoto akamhamishia Kahama kwa hasira, na mtoto yuko darasa la saba, mtihani wa taifa unamngoja. Wewe unamjua mwanamke huyo, pima kama ni mtu wa kufika huko.

Njia nyingine ni kumpa mama mzazi nafasi iliyo yake. Mwambie hivi, kwa simu, si kwa maandishi: "Dada, wewe ndiye uliyempeleka kliniki zote. Hii pia ningependa umpeleke wewe, Kahama hukohuko, likizo. Nenda kwanza peke yako ukamuulize muuguzi maswali yako yote, ukiona sawa mpeleke, ukiona siyo niambie alichokujibu." Huenda asiende. Huenda akaenda akakutana na muuguzi mkavu akarudi na hofu mara mbili. Lakini akienda akaridhika, chanjo itakuwa yake, na dada yake atakosa la kusema. Akiwa hapo kituoni anaweza hata kupimwa mlango wa kizazi, kile kipimo cha siki, kama umri wake umefika thelathini. Hilo usilianze wewe sasa, atadhani unamtuhumu ugonjwa. Muuguzi atalisema. Na mwanao naye, hata akichanjwa, ukubwani atahitaji kupimwa, maana chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Kuna mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza vizuri. Mtoto amesema yuko tayari na hatasema. Je, yuko tayari kwa sababu ameelewa, au kwa sababu anakupenda na anaona unavyohangaika? Kaa naye, mweleze ugonjwa, mweleze sindano, mwache aulize. Wengine wa umri huo wakielewa, humpigia mama yao wenyewe. Usimtume. Akitaka mwenyewe, mpe simu.

Sasa nirudi nilikoahidi. Kauli ya yule dada ni ya kikatili, na hukumjibu, ulifanya vema. Lakini nakuuliza kwa upole: huyu mtoto akichanjwa, ni sehemu gani ya moyo wako inayotaka kuthibitishiwa kwamba wewe ni mama? Sihukumu. Kumpenda mtoto usiyemzaa ni kazi inayofanywa bila cheti, na chanjo inaweza kuwa imegeuka cheti bila wewe kujua. Ukilitenganisha hilo na mlango wa kizazi wa mtoto, utaongea na mama yake kwa sauti nyingine. Na hizo mimba zilizotoka, umewahi kumwona daktari wa wanawake kwa ajili yako mwenyewe? Unawapa rufaa wenzako kila siku.

Kuhusu kikoba, mtaa haukuhitaji uwe mkamilifu. Unaweza kusema, "Mama yake mzazi bado ana maswali, tunayazungumza." Ni kweli, na haimdhalilishi mtu. Pengine kuna mama pale amekaa kimya na maswali yaleyale, anaogopa kukuuliza kwa sababu wewe huwa na majibu haraka mno. Watakaosema "kumbe hata kwake wamekataa" watakuwepo, hao wape muda.

Mumeo atapita lini tena Isaka? Kabla hajaondoka, msomee ile sehemu yake.

Shangazi